Kunyamaza si kujitawala: kwa wazazi wenye vijana jeshini

Mji wa Laurel, hapa Maryland, uko baina ya Washington na Baltimore, na jirani yake mkubwa ni kambi ya jeshi ya Fort Meade. Ndani ya kambi hiyo mna kituo ambako vijana wa upande huu wanaotaka kuingia jeshini hupelekwa kupimwa. Wanapimwa macho, masikio, damu na magoti, wanafanya mtihani wa maandishi, na anayefaulu hunyanyua mkono wa kulia akala kiapo. Wamo na wa kwetu. Wapo waliozaliwa Mombasa, Unguja na Tanga, na wapo waliozaliwa hapahapa ambao nyumbani bado wanamwita mama kwa Kiswahili. Mmoja anafuata uraia, mwengine ada ya chuo, na mwengine kapenda tu magwanda.

Nyinyi wenzetu wa Ghuba mna habari hiyohiyo kwa njia nyengine. Falme za Kiarabu zilianza khidma ya lazima kwa vijana wa kiume mwaka 2014. Qatar ikafanya hivyo mwaka huohuo, na Kuwait ikairejesha yake 2017. Oman hakuna lazima, lakini hebu tuhesabu: nyumba ngapi za Waswahili wa Maskati hazina hata askari mmoja au polisi mmoja?

Basi kila msimu wa matokeo ya skuli ukifika, simu yangu hailali. Nimestaafu ualimu, lakini wazee wenzangu hawajanistaafisha. Swali lao ni moja: "Mwalimu, huyu mwanangu ana moyo wa wasiwasi. Akikemewa tu anatetemeka. Kambi ataiweza?"

Jawabu langu huwa halipendwi. Nasema kwamba wasiwasi wa mtoto si jambo la kwanza la kuuliza. La kwanza ni hili: anajua kusema kilicho moyoni mwake kabla hakijamshinda? Mana tumezoea kuamini kwamba kijana anayejitawala ni yule asiyesema kitu. Mimi naona hapo ndipo tunapowapeleka wanetu kambini nusu uchi.

Tuanze na maneno yenyewe. Wataalamu wa saikolojia hupanga tabia za watu katika mafungu matano makubwa. Fungu moja wanaliita nyurotisizimu, nalo ni ule wepesi wa mtu kuingiwa na hofu, huzuni, hasira na mashaka, na uzito wa kutoka humo. Si ugonjwa, wala si ukosefu wa imani kama wanavyosema baadhi ya majirani. Kila mtu anayo kwa kiasi chake, kama urefu, na sehemu yake kubwa huja na damu. Kujitawala ni jambo jengine kabisa. Huo ni ufundi wa kuongoza unachofanya wakati moyo unakwenda mbio, na ufundi hufundishwa. Watu wawili wanaweza kuwa na hofu sawasawa, mmoja akatupa bunduki na mwengine akakumbuka zamu yake. Tofauti yao ni ufundi, tena ufundi huo una mlango wake, nao ni ulimi.

Majeshi yenyewe yalichukua muda mrefu kulielewa hili. Fort Meade ilianzishwa 1917, Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka miwili kabla, daktari Charles Myers wa Uingereza alikuwa ameandika juu ya askari waliopoteza uwezo wa kuona, kunusa na kukumbuka baada ya mabomu kupasuka karibu yao. Wakubwa wa jeshi wakashtuka. Wakataka njia ya kumjua mapema askari atakayevunjika. Mwanasaikolojia Robert Woodworth wa Chuo Kikuu cha Columbia akatunga karatasi ya maswali zaidi ya mia moja ya kujibiwa ndiyo au la, kuhusu usingizi, hofu, na mambo ya utotoni. Vita vilikwisha kabla karatasi hiyo haijatumika kuchagua askari, lakini vipimo vingi vilivyokuja baadaye vya kupima moyo wa wasiwasi ni wajukuu wake.

Vita vya Pili vilipofika, Wamarekani wakarudi na wazo lilelile kwa nguvu zaidi. Daktari akikaa na kijana dakika chache, akimwona ana mashaka mashaka, anamrejesha nyumbani. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walikataliwa kwa sababu za akili na moyo. Na faida yake? Askari waliovunjika vitani walikuwa wengi kuliko Vita vya Kwanza. Mwaka 1944 uchujaji ule ukaachwa. Baada ya vita, John Appel na Gilbert Beebe, waliochambua hesabu za jeshi, waliandika 1946 kwamba hakuna kitu kinachoitwa kuzoea mapigano. Kila mtu ana kikomo chake, na kinachomfikisha hapo ni ukali wa vita na wingi wa siku. Waliochunguza nani anadumu zaidi waliona jambo moja likijirudia: askari hushikiliwa na wenzake wa karibu, wale anaokula nao na anaoweza kuwaambia neno.

Sisemi kwamba tabia haina uzito. Ina uzito, na aliye na wasiwasi mwingi hutaabika zaidi wiki za mwanzo. Ninachosema ni kwamba tabia peke yake haikuweza kutabiri nani atasimama na nani ataanguka, hata kwa jeshi lenye madaktari na fedha zote zile.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa vizuri na wazazi wa Ghuba. Marekani haina jeshi la lazima tangu 1973, kwa hiyo anayekwenda amejichagua mwenyewe. Ujerumani, wakati bado wana khidma ya lazima, kijana aliweza kuchagua baina ya jeshi na kazi za kiraia kama kuhudumia wazee na wagonjwa. Watafiti wakiongozwa na Joshua Jackson waliwafuatilia vijana hao kwa miaka, wakachapisha matokeo 2012. Waliochagua jeshi walikuwa tangu mwanzo na wasiwasi mdogo kuliko wenzao. Yaani jeshi halikuwaondolea hofu. Wenye hofu nyingi walijiweka kando wenyewe. Kilichoonekana kubadilika ni upole wa kupatana na watu. Kwa kawaida kijana huongezeka upole anavyokua, lakini wale waliopita jeshini waliongezeka kidogo kuliko wenzao, na tofauti hiyo ilikuwepo bado miaka mitano baadaye.

Sasa ipeleke habari hiyo Abu Dhabi au Doha. Kule kijana hajichagui. Anachukuliwa mwenye kifua kipana na mwenye moyo wa njiwa, wote wanavaa buti moja. Kwa hiyo kambini mwenu wamo vijana wa wasiwasi wengi zaidi kuliko katika jeshi la kujitolea, na mzazi anayesema "wenzake wote wanaweza, yeye ana nini?" hajui kwamba wenzake wengi usiku wanaangalia dari kama yeye.

Na huko kambini wanafundishwa nini? Mtu asiyejua hudhani ni kelele, matusi na kwata. Kelele zipo, usingizi ni haba, na simu inachukuliwa. Mafunzo ya mwanzo ya jeshi la nchi kavu la Marekani ni wiki 10, na ya wanamaji wa Marines ni 13. Kwa desturi, kurutu wa Marines akifika tu hupewa simu mara moja, asome maneno machache yaliyobandikwa ukutani kwamba amefika salama, kisha akate. Mama mmoja wa hapa aliniambia alidhani mwanawe ametekwa, vile alivyokuwa akipiga kelele kwenye simu. Baada ya hapo ni barua.

Lakini ukitazama kwa jicho la mwalimu, utaona kuwa sehemu kubwa ya mafunzo yale ni mafunzo ya kusema. Kurutu akipewa amri hatakiwi kutikisa kichwa. Anatakiwa airudie kwa sauti, ili aliyetoa ajue imefika. Akimwona adui hatakiwi kulia "wanakuja!" Anafundishwa kutoa taarifa kwa mpango: ni wangapi, wanafanya nini, wako wapi, ni kina nani, saa ngapi, wana vifaa gani. Mambo sita. Anapangwa na mwenzake mmoja, na kila mmoja ana jukumu la kujua hali ya mwengine: amekula, amelala, mguu wake una malengelenge? Hata ndani ya Fort Meade penyewe pana skuli ya jeshi inayofundisha waandishi wa habari, wapiga picha na wasemaji wa vikosi. Watu hawa wanajua kwamba maneno yakikatika, kikosi kimekatika.

Hofu hujaza kichwa. Anayetetemeka huona mambo ishirini kwa mara moja na hajui aanze lipi. Ukimpa maswali sita ya kujibu, akili inapata ngazi ya kushukia. Hajaacha kuogopa, ila sasa hofu ina kazi ya kufanya. Ndiyo mana kijana wa wasiwasi aliyefundishwa kusema mara nyingi huwa mlinzi mzuri: anaona mapema, na anachokiona anakifikisha.

Sasa linganisha na malezi yetu. Mtoto wa kiume akianguka, neno la kwanza ni "nyamaza, mwanamume halii." Akisema anaogopa mtihani, anaambiwa "hebu acha mambo ya kitoto." Akifika miaka 18 kishajifunza vizuri: kila kitu ni "poa", "alhamdulillah", "hakuna neno". Tunafurahi, tunasema kijana katulia. Kumbe amefunga mlango tu, na moto uko ndani.

Kufunga mlango huko kuna gharama, na gharama imepimwa. Mwaka 2003 Emily Butler na wenzake, akiwemo James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha uchunguzi wao. Waliwaweka wanawake wasiojuana wawiliwawili, wakawaonyesha filamu ya kuhuzunisha, kisha wakawaacha wazungumze. Baadhi waliambiwa kwa siri wafiche hisia zao zote usoni. Mazungumzo yao yakawa mazito, hayakushikamana. Na hili ndilo la ajabu: shinikizo la damu halikupanda kwa aliyeficha tu, lilipanda hata kwa yule aliyekuwa akizungumza naye, ambaye hakujua lolote. Fikiria chumba cha makurutu hamsini, wote wanaficha. Au fikiria nyumba yako, siku kijana anaporudi likizo na kila jawabu ni "poa".

Ipo na habari njema. Mwaka 2017 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 207 kuhusu watu waliopata msaada wa kisaikolojia. Tabia iliyoonekana kubadilika zaidi kuliko zote ilikuwa hii hii ya utulivu wa moyo, tena ndani ya miezi, si miaka. Kwa hiyo usimpige mtoto muhuri wa "mwoga" mpaka kufa.

Na sisi Waswahili hatuna udhuru wa kukosa maneno. Darasani nilikuwa nikiwauliza wanafunzi: hofu na fadhaa ni kitu kimoja? Wanabishana. Mwisho wanaona kwamba hofu ina kitu unachokiogopa, na fadhaa ni kuchafukwa roho hujui ushike lipi. Kihoro ni mshtuko wa kupoteza. Kiherehere ni moyo kwenda mbio kabla ya jambo. Dukuduku ni neno lililokwama kifuani. Unyonge, simanzi, jakamoyo, taharuki, kiwewe: kila moja lina dawa yake. Kijana anayesema "nina dukuduku na sajini" ameshafika nusu ya njia. Anayesema "sijisikii vizuri" bado yuko mlangoni.

Tatizo la watoto wetu wa ughaibuni ni kwamba maneno ya moyo wanayajua kwa lugha ya bibi, amri wanapewa kwa Kiarabu au Kiingereza, na baina ya lugha hizo hakuna daraja. Kijana wa Laurel anajua kumwambia bibi "roho yangu nzito", lakini mbele ya daktari wa kambi anasema "niko sawa" kwa sababu hilo ndilo analolijua kwa Kiingereza. Wenenu wa Ghuba wana mtihani huohuo kwa Kiarabu cha kambini. Wafundisheni kulitafsiri jambo lao kabla hawajalihitaji.

Najua baadhi ya wazee wameshakunja uso. Watasema: "Mwalimu anataka kutufanyia wanaume wa kulialia." Hoja yao ina haki yake. Mtu wa wasiwasi ana mtego wake, naye ni kulalamika bila kikomo, kuuliza jambo moja mara kumi ili atulizwe, na kutapika hofu yake juu ya kila anayepita. Hilo halimsaidii, na kambini litamfanya achukiwe. Mimi sisemi aseme sana. Nasema aseme kwa mpango, kama ile taarifa ya mambo sita. Nilipokuwa nafundisha skuli ya misheni, tuliwapa wanafunzi wa midahalo mafungu matatu: nini kimetokea, kimenifanya nini, nahitaji nini. Dakika moja inatosha. "Sijalala siku tatu. Leo nilikosea zamu mara mbili. Naomba nimwone daktari." Huko siko kulia. Hiyo ni taarifa, na sajini yeyote mwenye akili ataipokea.

Tena tuna mfano mkubwa kuliko huo, na niliupenda kwa sababu darasani mwangu Waislamu na Wakristo wote waliujua. Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni hakujibu "hakuna neno". Alimweleza Mola wake kwamba anaogopa watamkadhibisha, kwamba kifua chake kinabana na ulimi wake hauendi vizuri, akamwomba nduguye Harun awe naye. Tazama mpango wake: alitaja khofu, akataja udhaifu, akaomba msaidizi. Alipewa Harun, na akenda kwa Firauni. Nani hapa atasema Musa hakuwa mwanamume?

Basi tufanye nini? Kabla kijana hajaondoka, miezi miwili mitatu, mzoeze mafungu matatu yale kwa mambo madogo: gari limeharibika, mwalimu kamwonea, kagombana na binamu. Msikilize mpaka amalize, usimkatize kwa wasia. Baba aseme na yeye. Kijana akimsikia babake akisema "leo kazini nilipata fadhaa, nikatoka nje kidogo, nikarudi nikalimaliza", amepata somo ambalo halimo katika hotuba.

Akiwa kambini, barua zenu ziwe na habari za nyumbani na swali moja la kujibika. "Vipi, uko sawa?" inajibika kwa neno moja. Muulize: "Nani unakula naye? Kipi kilikuwa kigumu wiki hii, na ulikifanyaje?" Na wewe mama, hofu yako usimpakie yeye. Kalie kwa dada yako au kwa jirani, kisha ndiyo umwandikie.

Akirudi, msimshangae akiwa mkavu kidogo. Yale niliyosema ya Ujerumani myakumbuke: upole unaweza kuchelewa. Mpeni siku chache za usingizi na chakula, msimpitishe nyumba kwa nyumba kama bwana harusi. Halafu mmoja wa jamaa anayemstahi, ami au mjomba, atoke naye atembee. Vijana wengi husema wakiwa wanatembea au wanaendesha gari, si wakiwekwa kitako mbele ya wazee saba.

Na kuna pahala mazungumzo ya nyumbani hayatoshi. Kijana akianza kugawa vitu vyake, akisema kwamba watu wangepumzika asingekuwepo, akikosa usingizi wiki nzima au akaanza kunywa, hilo ni la daktari, na ni la leo, si la baada ya Idi. Hapa Marekani askari au jamaa yake hupiga 988, kisha hubonyeza 1, usiku au mchana. Ghuba, kambi zina madaktari wao, na baba ana haki ya kwenda kuuliza. Kumwombea dua na kumpeleka kwa daktari havigombani.

Msimu huu tena vijana wa hapa wataingia lango la Fort Meade na bahasha zao mkononi, na wa kwenu watapanda mabasi ya kambi alfajiri. Macho na magoti yao yatapimwa na wenyewe jeshi. Sisi wazee tuna wiki chache bado za kuwasikiliza, na kwa wengi wetu hiyo ni kazi ngumu zaidi kuliko kulipia tiketi.